KIKOJOZI SI JINA LA MTOTO: Uonevu huanzia nyumbani, ukaishia zahanati



Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake wote.

Katika safu za afya na usafi tumezoea kuzungumzia maji salama, vyoo, malaria na lishe ya watoto. Leo nakuomba tuzungumzie jambo ambalo halionekani kwa darubini, wala halina kidonge chake katika duka la dawa, lakini sisi matabibu tunakutana nalo karibu kila wiki. Nalo ni uonevu baina ya watoto na vijana wetu: kudhihakiana, kupachikana majina, kutengana na kupigana. Nitalieleza kwa kupitia kisa kimoja kilichonifundisha mengi. Nimebadilisha baadhi ya mambo ili mhusika asitambulike, na kiini chake nimekiacha kama kilivyokuwa.

Tumbo linaloijua ratiba ya madrasa

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka tisa akilalamika tumbo. Ilikuwa mara ya nne kumpeleka hospitali ndani ya miezi miwili. Kwanza alipewa dawa za minyoo. Mara ya pili akapewa dawa za UTI. Mara ya tatu akatibiwa taifodi. Dawa zote alizimaliza, na tumbo likabaki pale pale.

Nilimpima. Tumbo lilikuwa laini, homa hana, uzito wake mzuri. Choo na mkojo vikapimwa, havikuonesha kitu. Nikamuuliza mama, "Tumbo linamuuma wakati gani?" Akasema humshika mchana, baada ya chakula, hasa akishaswali Adhuhuri. "Kila siku?" Akafikiri kidogo, akajibu, "Hapana daktari. Alhamisi na Ijumaa haliumi. Siku hizo anacheza vizuri tu."

Ndugu msomaji, kama nisingekuwa nimekaa kwenye mkeka wa chuo kwa miaka minane, huenda jibu lile lingenipita. Lakini mtoto yeyote aliyesoma madrasa anajua kuwa Alhamisi na Ijumaa ni siku za mapumziko. Maradhi gani hayo yanayoijua ratiba ya madrasa?

Nilimwomba mama akae nje kidogo, mlango ukiwa wazi, nikazungumza na kijana. Hakusema haraka. Nilimuuliza amefika sura gani, anakaa na nani chuoni, anasoma msahafu na nani. Hapo akainamisha kichwa. Alisema hasomi na mtu. Wenzake wanapomwona anakuja huziba pua, husogeza mkeka, na humwita "Bomba". Kwa nini Bomba? Kwa sababu linavuja. Mtoto yule alikuwa bado anakojoa kitandani.

Nilipomrudisha mama ndani na kumweleza, alighadhibika kwelikweli. Akataka kujua ni nani aliyetoa siri ya nyumba yake. Mtoto akasema ni dada yake, wanasoma madrasa moja. Nikamuuliza, "Na dada yako alilitoa wapi jina hilo?" Mtoto akamtazama mama yake, akanyamaza. Yule mama alifunika uso kwa mtandio wake. Kumbe kila asubuhi, akikuta godoro limelowa, alikuwa akipaza sauti uani, "Bomba limepasuka tena!" Majirani wakicheka, naye akicheka nao. Hakukusudia ubaya. Alidhani aibu itamfanya mtoto aache.

Jina lile lilizaliwa uani kwake, likaenda madrasa, likarudi nyumbani likiwa maumivu ya tumbo. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo: watoto wetu hujifunza kuonea kwa kusikiliza ndimi zetu sisi wakubwa.

Mzaha unageuka lini kuwa uonevu?

Wapo watakaosema, "Watoto wakitaniana kuna ubaya gani? Sisi tulitaniwa na tukakua." Ni kweli kwamba utani upo, na una raha yake. Lakini utani na uonevu havifanani. Mtaalamu Dan Olweus, aliyefanya utafiti wake Skandinavia tangu miaka ya 1970, alitaja alama tatu za uonevu ambazo mpaka leo zinatumika duniani. Ya kwanza, anayefanya anakusudia kuumiza. Ya pili, jambo hilo linarudiwa tena na tena. Ya tatu, pande mbili hazina nguvu sawa: mmoja ni mkubwa, au wako wengi, au wanajua siri ya mwenzao, na anayefanyiwa hana namna ya kujitetea.

Basi pima kwa mizani hiyo. Watoto wawili wanaotaniana na wote wakacheka, huo ni mchezo. Watoto kumi wakimcheka mmoja kila siku, naye hacheki, huo ni uonevu. Uonevu una sura nyingi: kupiga, kunyang'anya daftari au pesa ya matumizi, kupachika jina, kumtenga mtu asicheze, kueneza maneno juu yake. Siku hizi umeingia hata kwenye simu. Picha ya mwenzao aliyeanguka au aliyechafuka inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya Isha mtaa mzima umeiona. Zamani mtoto alipofika kwao alikuwa amesalimika. Sasa dhihaka inamfuata mpaka kitandani.

Wala usidhani ni jambo la watoto wachache. Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilieleza kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia kuulizwa. Kwa hiyo katika madrasa yenye watoto sitini, si ajabu wakawamo ishirini walioguswa na jambo hili.

Madhara yake ni ya kweli, yako mwilini. Mtoto mwenye hofu huumwa tumbo na kichwa, hukosa usingizi, hukosa hamu ya kula, moyo humwenda mbio. Hajifanyi. Utumbo na ubongo vinawasiliana, na mwili ukiwa katika hofu, tumbo husokota kikweli. Uonevu ukiendelea kwa muda mrefu, huleta huzuni kubwa, kuchukia masomo, na kwa vijana wakubwa hata fikra za kujidhuru.

Dini yetu imelikataza tangu zamani

Ndugu yangu Muislamu, jambo hili tusilichukue kama la kuletewa na wataalamu wa nje. Fungua Suratul Hujurat, aya ya 11. Humo Allah (s.w.) anawakataza wanaume wasiwadharau wanaume wenzao, kisha anawataja wanawake peke yao wasiwadharau wanawake wenzao, kwani huenda anayedharauliwa akawa bora kuliko anayedharau. Kisha anakataza kutiana aibu na kuitana kwa majina mabaya. Tazama namna aya hiyo ilivyolitaja wazi suala la majina ya kejeli. Wengi tunaisoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri, tukimaliza tunamwita mtoto wa jirani "Kipara" au "Kigugumizi".

Katika hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad, Ibn Mas'ud (r.a.) alikuwa akichuma miswaki, upepo ukapeperusha nguo yake, miguu yake myembamba ikaonekana. Watu wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawauliza wanacheka nini, walipomweleza akawaambia kwamba miguu ile katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Alimtetea mwenzao pale pale, mbele ya waliocheka.

Na ipo hadithi mashuhuri katika Bukhari na Muslim, ambayo kila mzazi wa mtoto anayekojoa kitandani anapaswa kuijua. Bedui mmoja aliingia msikitini kwa Mtume (s.a.w.), akakojoa humo humo. Masahaba wakamkemea, wengine wakamwinukia. Mtume (s.a.w.) akawaambia wamwache amalize. Kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe juu ya mkojo ule. Akawakumbusha Masahaba zake kwamba wametumwa kurahisisha, hawakutumwa kutia watu uzito, na yule bedui akamfahamisha kwa upole kwamba misikiti haifai kwa uchafu.

Tafakari. Mtu mzima, ndani ya msikiti, na Mtume (s.a.w.) hakumfedhehesha. Najisi iliondoshwa kwa maji, na mtu akabaki na heshima yake. Sisi mtoto mdogo, tena akiwa usingizini, tunamtangaza mtaa mzima.

Kukojoa kitandani: ukweli wa kitabibu

Zipo nyumba ambazo mtoto hubebeshwa godoro akazungushwa mtaani huku wenzake wakimwimbia. Zipo ambazo huchapwa kila asubuhi. Kabla hatujaendelea, tuelewe ni jambo gani hasa.

Kukojoa kitandani kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hakuhesabiwi kuwa maradhi. Hata baada ya umri huo, bado ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Takriban watoto 15 kati ya 100 wenye miaka mitano hukojoa kitandani. Wakifika miaka 10 hubaki kama watano kati ya 100, na hata katika umri wa miaka 15 bado yupo mmoja au wawili katika kila 100. Wavulana ni wengi zaidi kuliko wasichana. Wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua.

Sababu zake ni hizi. Wapo watoto ambao usiku miili yao haitoi homoni ya kutosha ya kupunguza mkojo, hivyo figo huendelea kutengeneza mkojo mwingi kama mchana. Wapo wenye kibofu kinachobeba kidogo. Na wengi wao kibofu kikijaa, ubongo haupati taarifa ya kuwaamsha. Kufunga choo nako huchangia, kwa kuwa choo kigumu hukibana kibofu. Tena jambo hili hurithiwa. Kama mzazi mmoja alikuwa nalo utotoni, takriban watoto wanne kati ya kumi hulirithi. Kama ni wazazi wote wawili, hufika saba au wanane kati ya kumi. Kwa hiyo baba unayechukua fimbo, kwanza muulize mama yako kwa siri.

Umeona kwamba hakuna mahali nilipotaja uvivu wala ukaidi. Mtoto hafanyi kusudi, amelala. Kumchapa hakukipanui kibofu. Kinyume chake, hofu inaweza kuliongeza tatizo, na mtoto aliyekwisha kuacha anaweza kuanza upya kwa sababu ya huzuni: wazazi wameachana, amefiwa, amehamishiwa shule ya bweni, au anaonewa. Hapo utaona duara lilivyo baya. Anakojoa, anachekwa, anaogopa, anakojoa zaidi.

Mpeleke mtoto kituo cha afya bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya: anakunywa maji mengi sana, anakojoa sana na anakonda, kwani hiyo yaweza kuwa kisukari. Mkojo una damu, jambo linaloweza kuwa kichocho, hasa kwa watoto wanaooga mabwawani na mitoni. Anaumia akikojoa au ana homa. Mkojo unamtoka hata mchana. Anapata degedege usiku. Miguu haina nguvu. Au alikaa miezi sita na zaidi akiwa mkavu, kisha ghafla akaanza tena. Mtoto mwenye selimundu naye hukojoa sana usiku, naye ana haki ya kuhurumiwa zaidi.

Usafi utakaomwondolea dhihaka

Harufu ndiyo inayomtoa siri mtoto huyu, kwa hiyo usafi hapa ni sehemu ya kumkinga na uonevu. Fanya haya:

1. Mpe maji ya kutosha asubuhi na mchana. Usimnyime maji kutwa nzima, maana hilo humdhuru. Yapunguze saa mbili hivi kabla ya kulala, na jioni asinywe chai wala soda. Katika Ramadhani, watoto wanaojizoeza kufunga hunywa mno usiku kisha wakalala, hivyo wape zaidi mara baada ya kufuturu.

2. Akojoe kabla ya kupanda kitandani. Kama choo kiko nje na kuna giza, msindikize au mwekee chombo ndani. Watoto wengi huogopa giza na hawasemi.

3. Tibu choo kigumu kwa maji, matunda, mboga za majani na uji wa nafaka isiyokobolewa.

4. Funika godoro kwa nailoni nene, kisha tandika shuka juu yake. Shuka lililolowa lilowekwe mapema na kufuliwa kwa sabuni, na godoro lianikwe juani upande ambao wapita njia hawaoni.

5. Aoge kwa sabuni kila asubuhi kuanzia kiunoni kwenda chini, ajifute, apakwe mafuta ili ngozi isichubuke, avae nguo safi. Mfundishe kwamba mkojo ni najisi inayotoka kwa maji, na kwamba kukojoa usingizini hakumlazimishi josho la janaba. Nimekutana na watoto walioacha kuswali Alfajiri kwa kudhani hivyo.

6. Mshirikishe kubadili shuka kwa upole, kama anavyosaidia kazi nyingine, isiwe adhabu. Usiku aliokaa mkavu mpongeze. Usiku aliolowa, nyamaza.

Zikipita juhudi hizi kwa miezi kadhaa na mtoto amezidi miaka saba, onana na daktari. Zipo kengele maalumu za kumwamsha mtoto, na zipo dawa, lakini huelekezwa na mtaalamu. Dawa za kienyeji za kumtisha au kumchoma mtoto, ziache.

Utamjuaje anayeonewa?

Watoto wengi hawasemi, kwa aibu au kwa kuogopa kuwa watachapwa kwa kushindwa kujitetea. Tazama dalili hizi: maumivu ya tumbo au kichwa yanayokuja siku za shule au madrasa na kupotea siku za mapumziko, vitabu au vitu vyake kupotea mara kwa mara, nguo kuchanika, kubadilisha njia ya kwenda shule, kurudi na njaa kali kwa kuwa pesa yake imechukuliwa, kukaa peke yake, kushtuka simu inapolia, kushuka kimasomo.

Usimwulize, "Nani anakuonea?" kama askari. Mwulize mkiwa na kazi, mnamenya viazi au mnatembea kutoka msikitini, "Leo ulikaa na nani? Ulicheza na nani?" Akikueleza, msikilize mpaka mwisho. Usimwambie, "Na wewe ungempiga." Mwambie maneno matatu: umefanya vizuri kunieleza, si kosa lako, na tutalimaliza pamoja. Kisha nenda mwenyewe kwa mwalimu au ustadhi, kwa utulivu. Usiende mlangoni kwa jirani kwa matusi, maana atakayelipa ni mwanao. Kukiwa na kupigwa, kuumizwa au kutishiwa, tambua kwamba Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ipo namba ya bure ya kusaidia watoto, 116.

Na kama mwanao ndiye muonevu

Hili ni zito, ndugu msomaji. Kila mzazi hudhani mwanawe ndiye anayeonewa. Basi wale wanaoonea ni watoto wa nani?

Ukiletewa habari kuwa mwanao anadhulumu wenzake, usikimbilie kukana, wala usikimbilie fimbo. Mtoto anayepigwa kwa sababu ya kupiga hujifunza kuwa mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Kaa naye, mwambie wazi alichokifanya na ubaya wake. Mpeleke akaombe radhi kwa aliyemkosea, arudishe alichonyang'anya, na apewe jukumu la kumtendea wema mtu yule kwa muda. Kisha jitazame mwenyewe. Nyumbani mnaitana vipi? Unamsemaje mkeo mbele ya watoto? Dada wa kazi mnamwita kwa jina lake? Chongo, kiwete na mwenye ualbino akipita, midomo yenu inasema nini?

Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Bi Aisha (r.a.) aliwahi kutaja ufupi wa mke mwenziwe, Bi Safiyya (r.a.). Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa neno alilolisema lingechanganywa na maji ya bahari, lingeyabadilisha. Neno moja, bahari nzima. Sisi kwa siku tunatia mangapi?

Maustadhi, walimu na wanaotazama

Nchini Ufini, kaskazini mwa Ulaya, shule zimetumia mpango uitwao KiVa, ulioenezwa nchini humo kuanzia mwaka 2009. Kiini chake ni kwamba muonevu hutafuta watazamaji. Watoto wanaotazama wakiacha kucheka, wakakaa na anayeonewa na kumwita mwalimu, muonevu hukosa soko. Watafiti wa huko waliona uonevu ukipungua katika shule zilizoutumia.

Sisi tunalo fundisho hilo katika Bukhari: Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kumnusuru ndugu yetu, awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa. Alipoulizwa vipi anusuriwe dhalimu, alifahamisha kuwa ni kwa kumzuia na dhuluma yake. Kijana unayesoma hapa, kumzuia rafiki yako asimcheke mwenziwe ndiyo nusra yako kwake. Huhitaji kupigana. Usicheke. Usiisambaze ile picha. Msogelee aliyeachwa peke yake, mwambie, "Njoo tusome pamoja." Na kumwambia mkubwa ili kumwokoa mtu si umbea.

Nawe ustadhi, dakika tano za kufundisha Suratul Hujurat kwa vitendo zina faida kubwa. Panga wewe nani akae na nani, usiwaachie watoto kutengana. Usitumie udhaifu wa mwanafunzi kuwachekesha wenzake. Mwalimu akimwita mtoto "mzito wa kichwa", darasa zima limepata ruhusa.

Deni langu mwenyewe

Nimekwambia nilikaa chuoni miaka minane. Sijakwambia nilikuwa upande gani. Palikuwa na mwenzetu mmoja mwenye mapunye, kichwa kimejaa mabaka. Mimi ndiye niliyemtungia jina, na kwa kuwa nilikuwa nasoma vizuri, wengine walinifuata. Siku moja hakuja. Wiki ikapita. Baadaye tukasikia amehamishiwa kwa bibi yake kijijini, na juzuu yake ikabaki kwenye sanduku la chuo, alama ya kijiti ikiwa katikati ya sura. Sijakutana naye tena.

Nilipoingia chuo cha utabibu nikafundishwa kuwa mapunye ni fangasi tu, huambukizwa kwa kuchangia vitana, kofia na mashine za kunyoa, na hupona kwa dawa ya kumeza ya wiki kadhaa. Nilikaa nikafikiri: ugonjwa wake ulikuwa na dawa. Nilichomfanyia mimi dawa yake ni radhi yake, na simpati. Wanazuoni wetu wametufundisha kuwa haki ya mja hairuki kwa istighfari peke yake, mpaka mwenyewe asamehe. Namwombea dua, na kila mtoto anayeletwa kwangu na mapunye namkaribisha kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wewe ambaye unajua alipo uliyemkosea, usingoje.

Tumrudie yule kijana wa tumbo. Sikumwandikia dawa. Mama alirudi nyumbani, akamwita binti yake, wakamwomba radhi kijana wote wawili, na jina lile likapigwa marufuku. Alikwenda kwa ustadhi wake, na ustadhi bila kumtaja mtu akawasimulia watoto kisa cha bedui na ndoo ya maji. Kisha akamkalisha kijana karibu na mwanafunzi mkubwa kuliko wote, wasome msahafu mmoja. Baada ya mwezi walirudi kwangu. Bado alikuwa akilowa usiku mmoja mmoja. Lakini tumbo lilikuwa limenyamaza, na aliponiamkia aliniambia jambo ambalo mama yake hakumtuma: amehitimisha Suratul Mulk.

Ndugu msomaji, jioni ya leo watoto wako watakaporudi, sikiliza wanavyoitana. Ukisikia jina lisilokuwa lao, uliza limetoka wapi. Na likiwa limetoka kwako, lizike leo leo.

Wabillahi tawfiq.